Tunalinganishaje Hospisi? Mhadhara kwa Wauguzi na Familia za Nairobi

Mwenyekiti, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii, nanyi akina mama na akina baba mliofika hapa kwa sababu mnauguza mtu nyumbani, hamjambo nyote.

Swali nililopewa nilijibu ni lile ambalo kila familia huuliza pindi daktari anapowaeleza kwamba matibabu ya kuuondoa ugonjwa yamefika ukingoni: miongoni mwa hospisi na vitengo vya tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na dalili nyingine, vilivyo Nairobi na viunga vyake, tumpeleke wapi mgonjwa wetu? Ni swali halali, na linastahili kujibiwa kwa vipimo kuliko kwa sifa tunazopokezana kanisani na ndani ya matatu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msikae mkiusubiri. Ubora wa hospisi huonekana zaidi katika muda unaopita tangu mgonjwa aanze kuumia hadi nafuu imfikie, hasa usiku na mwishoni mwa juma, na kipimo kisichougusa muda huo hakitufai sana tunapotaka kulinganisha watoa huduma.

Historia yetu katika jambo hili si ya jana. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, jirani kabisa na Hospitali Kuu ya Kenyatta, na baadaye zikafuata hospisi za Nyeri, Mombasa, Meru, Eldoret na kwingineko, hadi pakawa na chama cha kitaifa cha kuziunganisha, KEHPCA. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa tiba shufaa mwaka 2013, na sasa tunayo sera ya mwaka 2021 hadi 2030. Hata hivyo, mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilipochunguza hali ya watoto wenye maumivu makali nchini, lilikuta kwamba katika hospitali za umma zipatazo 250 ni saba tu zilizokuwa na mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali. Hali imesogea mbele tangu wakati huo, lakini somo la ripoti ile halijachakaa: hospitali yaweza kuwa na vitanda, mashine na madaktari bingwa, na bado ikakosa chupa ya dawa ambayo ndiyo mgonjwa wa saratani anayoihitaji usiku huo. Ndiyo maana ngazi ambayo serikali huipa kila zahanati, kituo cha afya au hospitali, kuanzia ya 2 hadi ya 6, isitumiwe kama alama ya ubora wa huduma ya mwisho wa maisha. Ngazi huzingatia wafanyakazi, vifaa na aina za matibabu yanayotolewa. Haikuelezi kama simu itapokelewa saa nane za usiku.

Wenzetu wa Marekani wamekwenda mbali zaidi katika kulinganisha watoa huduma hadharani, na inafaa tuwatazame kwa makini, katika walilofaulu na katika walilokwama. Bima ya umma ya wazee wao, Medicare, ilianza kulipia hospisi kufuatia sheria ya mwaka 1982. Mgonjwa hupokelewa iwapo madaktari wanakadiria kwamba amebakiza miezi sita au pungufu, ugonjwa ukifuata mkondo wake wa kawaida, na kwa huduma ya kawaida ya nyumbani hospisi hulipwa kwa kila siku ambayo mgonjwa yumo katika orodha yake, awe ametembelewa siku hiyo au hakutembelewa. Mfanyabiashara mwerevu haoni taabu kuigundua faida iliyojificha hapo: mgonjwa anayeishi muda mrefu na kuhitaji machache ana tija kuliko yule anayefika akiwa na siku nne za kuishi na maumivu yasiyotulia. Kwa sababu hiyo umma ulihitaji kuona ndani, na mwaka 2017 serikali ikafungua tovuti ya Hospice Compare, ambayo baadaye iliunganishwa na ile kubwa ya Care Compare, ili familia iweze kuandika jina la mji wake na kuzilinganisha hospisi zilizopo.

Vipimo vya kwanza vilikuwa saba, na vyote vilihusu siku za mwanzo za kumpokea mgonjwa: je, aliulizwa kuhusu maumivu, je, aliulizwa kuhusu kukosa pumzi na akatibiwa, je, aliulizwa matakwa yake ya matibabu na imani yake, je, aliyeanzishwa dawa za jamii ya mofini alipewa pia dawa ya kulainisha choo. Ni maswali mazuri. Tatizo ni kwamba katika mengi yake wastani wa kitaifa ulikuwa umepita asilimia 90 tangu mwanzo, kwa hiyo familia iliyofungua ukurasa ule ilikuta hospisi tano zote zikiwa na alama zinazokaribiana na mia. Kumuuliza mtu kama anaumia na kuandika jibu lake kwenye faili ni kazi ya dakika mbili, na mtoa huduma mzembe huiweza sawasawa na mtoa huduma hodari.

Kilichozaa tofauti ni vipimo vilivyofuata. Kuna dodoso linalotumwa kwa jamaa aliyemuuguza marehemu baada ya msiba, na miongoni mwa maswali yake ni hili: ulipohitaji msaada jioni, mwishoni mwa juma au siku ya sikukuu, uliupata mara ngapi? Matokeo ya dodoso hilo ndiyo yaliyofanywa nyota za hadharani mwaka 2022. Kuna pia kipimo kinachohesabu wagonjwa waliotembelewa na muuguzi au mtaalamu wa ustawi wa jamii katika siku mbili, walau, kati ya tatu za mwisho za uhai wao. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakiulizi nia wala hati: mtu alifika, au hakufika.

Australia wamefanya vivyo hivyo bila kelele nyingi. Mpango wao wa kitaifa wa kupima matokeo ya tiba shufaa, ulioanza mwaka 2005, unazitaka huduma zianze kumhudumia mgonjwa siku ileile anapokuwa tayari kuhudumiwa au siku inayofuata, kwa angalau wagonjwa 90 katika kila 100. Tena mgonjwa ambaye hali yake imechafuka ghafla anapaswa kutulizwa ndani ya siku tatu. Huko nako hesabu ni ya muda.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Afrika ina chombo chake na mara nyingi tunakisahau tukikimbilia vya ng'ambo. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kiliandaa kipimo chenye maswali kumi tu. Saba anaulizwa mgonjwa: maumivu, dalili nyingine, wasiwasi kuhusu ugonjwa, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama amepata ushauri wa kutosha wa kuipangia familia yake. Matatu anaulizwa jamaa anayemuuguza: amepewa habari kiasi gani, anajiamini kiasi gani katika kuuguza, na amekuwa na wasiwasi kiasi gani. Kila jibu ni namba kati ya sifuri na tano, na mgonjwa asiyejua kusoma huweza kujibu kwa mkono wake, ngumi ikimaanisha hakuna maumivu na vidole vitano vikimaanisha maumivu yasiyo na kifani.

Fikirini mama aliyelazwa nyumbani Kayole, saratani ya shingo ya kizazi imefika mgongoni, na muuguzi ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Mama anainua vidole vinne. Muuguzi anaitazama chupa ya mofini ya kunywa, ile ambayo mfamasia ameitengeneza kutokana na unga kwa kuuchanganya na maji na kihifadhi, na anakuta imejaa hadi shingoni ingawa ililetwa siku tano zilizopita. Binti yake anaeleza kwamba amekuwa akimpa mama akizidiwa tu, maana jirani alimwonya kuwa dawa hiyo huzoeleka. Hapo ndipo kazi ilipo. Muuguzi anachukua bomba la sindano lisilo na ncha, anaonyesha alama ya kipimo, anampa binti alivute mwenyewe mara mbili, kisha anaandika ratiba ukutani karibu na swichi: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili mama alale hadi alfajiri. Anauliza kama dawa ya kulainisha choo inatumika. Anaacha namba ya simu. Siku ya tatu anarudi, na mama anainua kidole kimoja.

Kutoka vinne hadi kimoja kwa siku tatu: hicho ndicho kitu cha kulinganishwa. Mtu akiniambia kwamba hospisi fulani ilihudumia wagonjwa wengi mwaka jana, nitampongeza, ila sitajua kama vidole vilishuka.

Lakini lazima tulinganishe kwa haki. Hospisi inayopokea wagonjwa kutoka Mukuru na Kibera, ambao wengi huletwa wakiwa wamechelewa mno kwa kukosa nauli na pesa za vipimo, itakuwa na alama mbaya za siku ya kwanza kuliko huduma ya kulipia inayomfuata mgonjwa Karen tangu ugonjwa ulipogunduliwa. Tukizipanga huduma hizi mbili kwa wastani wa maumivu, tutakuwa tunaiadhibu ile inayofungua mlango kwa maskini. Tulinganishe mabadiliko, yaani tofauti kati ya ziara ya kwanza na ile ya siku ya tatu, kwa wagonjwa walioanza na alama zinazofanana. Na wale waliofariki kabla ya kupimwa mara ya pili wasipotezwe ndani ya hesabu kama kwamba hawakuwapo. Waandikwe peke yao, kwa sababu idadi yao ikipanda, huenda hitilafu ipo kwenye rufaa za hospitali zilizowatuma, si kwa hospisi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sana sisi, nalo ni adabu. Familia iliyoletewa dawa bure au kwa bei nafuu hailaumu. Ukiiuliza kama imeridhika, itakujibu kwamba mambo yalikuwa mazuri na Mungu awabariki, hata kama mgonjwa alilia usiku mzima huku simu ikiita bila kupokelewa. Dodoso la kuridhika likitumiwa hapa jinsi lilivyo, kila huduma itapata nyota tano. Kwa hiyo tuulize matukio. Katika wiki ya mwisho, ulipiga simu usiku? Alipokea nani? Ulielekezwa nini? Dawa iliwahi kuisha kabla ya kuletwa nyingine? Mtu mwenye adabu zake huweza kukuambia kwamba simu ilipokelewa asubuhi bila kujiona amemsengenya yeyote.

Nanyi mnaotafuta huduma wiki hii hamwezi kungoja takwimu. Piga simu kabla ya kusajili mgonjwa, ikiwezekana baada ya saa tatu usiku, uone kinachotokea. Uliza kama mofini ya kunywa ipo leo, na ikiisha inachukua siku ngapi kupatikana. Uliza muuguzi anafika mtaa wako siku zipi, maana huduma nzuri iliyo ng'ambo ya pili ya jiji inaweza kunaswa na msongamano wa Mombasa Road hadi jioni, na huduma ya wastani iliyo karibu ikawafaa zaidi. Mambo ya malipo yapate maandishi: kipi kinalipiwa na SHA, yaani bima ya afya ya umma, kipi ni cha mfuko wako, na ziara ya nyumbani ni shilingi ngapi. Mwisho, uliza kama wanarudi baada ya mazishi. Wanaorudi huwa wanazijua familia zao kwa majina, nami sijaona wakiwa wazembe katika hayo mengine.

Kwa walio katika uongozi wa afya wa kaunti nina ombi moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa kila mwaka na ni asilimia 14 hivi wanaoipata, kwa hiyo msizitwishe huduma chache tulizo nazo mzigo wa fomu ndefu. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa simu na mikoba ya kazi mwaka 2023, na tayari wanaingia katika nyumba hizi. Waongezewe mambo matatu ya kuandika: saa ambayo familia iliomba msaada, saa ambayo msaada ulifika, na idadi ya vidole kabla na baada. Matokeo yachapishwe mara moja kwa mwaka, yakionyesha kila huduma na aina ya wagonjwa inaowapokea, na huduma yenye wagonjwa wachache mno isipangwe katika orodha hata kidogo, kwa sababu katika wagonjwa kumi na wawili kifo kimoja cha ghafla huweza kumshusha muuguzi hodari hadi mkiani.

Nitapokea maswali, nikianza na wale wenye wagonjwa nyumbani, ili wapate kuondoka mapema.