Ufunguo Akae Nao Aliye Chini

Ndugu zangu wenye boti, manahodha, na nyinyi vijana mnaozamia, assalaam alaykum. Faida ya kusafisha boti sitaieleza. Kila aliye hapa ameshaona mashine inanguruma, inakunywa petroli, na boti haiendi kwa sababu tumbo lake limeota ndevu za mwani na vigamba. Na walionisikia kabla ya leo wanajua nina neno langu moja. Nimekuja nalo tena.

Ufunguo. Kijana akienda chini ya boti, ufunguo wa mashine aende nao. Usibaki mfukoni mwa nahodha, usitundikwe msumarini, usiachwe pale pale eti kila mtu anajua. Uwe shingoni mwake, pamoja na ule wa akiba na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine. Boti ya mashine mbili, funguo zote mbili.

Tazameni kazi yenyewe. Kijana yuko nyuma, karibu na rafadha, yaani panga la mashine, ndipo uchafu unapoganda zaidi. Mkono mmoja umejishikiza, wa pili unakwangua. Vile vigamba vikali vinavunjika, kelele zote zinaishia kichwani mwake, ukimwita hasikii. Vijidudu mfano wa uduvi vinatoka kwenye mwani, vinamtembea nyweleni, vinamwingia masikioni. Huku juu, nahodha aliyemtuma ameshuka kunywa chai. Anapanda mwingine, hana habari. Wageni wamefika, maji yanakupwa, boti lazima isogezwe. Anatazama kulia, anatazama kushoto, bahari shwari. Anawasha.

Hapo nani mbaya? Hakuna. Kila mtu alikuwa kazini kwake. Ndiyo maana mimi siamini habari ya "tutaambizana". Aliyeambiwa anaweza kuondoka. Mashine isiyo na ufunguo haiwaki, awepo mtu asiwepo.

Sasa atasimama nahodha, huwa hakosekani, aniulize: je, nanga ikiburura? Mzee wangu, kijana yuko chini ya miguu yako! Gonga sakafu mara tatu, atapanda. Na kama pale ulipotia nanga huwezi kumsubiri mtu apande, basi hapakuwa mahali pa kumshusha. Mwingine ataniambia gia iko huru, rafadha haizunguki. Haizunguki mpaka mtu auguse mkono wa gia. Wa tatu anaogopa ufunguo utazama. Ufunge kiboya! Mnafunga maboya kwenye nyavu na madema, ufunguo ndio unawashinda?

Na wale wa "wazee wetu hawakuwa na mambo haya". Kweli, hawakuwa nayo, kwa sababu hawakuzamia. Jahazi lilisubiri bamvua, yale maji makubwa, likapandishwa maji yakijaa, yakipwa likakaa mchangani, likatiwa magadi, miti ya kuliegemeza, ubavuni. Wakalichoma chini kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha wakalipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi yote miguu mikavu. Mwenye boti ya faiba inayoweza kukalishwa mchangani namna hiyo, bila shaka asiichome, lakini aikalishe na aoshe akiwa amesimama. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Hawa wa kuzamia ni wale ambao boti zao haziwezi, au hawana subira ya kungoja bamvua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

Pumzi. Wewe wa miwani na mrija, usihemehe-hemehe haraka kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Kinachokufanya utamani kupumua ni kaboni dioksidi inayojikusanya mwilini. Ukiitoa mapema, hamu haiji, oksijeni inaisha, unazimia bila onyo, na juu yako kuna boti. Na wewe wa mtungi, usidanganyike kwamba mita 2 si kina. Ukivuta hewa ya mtungi chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, kisha ukapanda umeibana, pafu linaweza kupasuka. Wote wawili, awepo mtu juu anayewatazama. Awatazame nyinyi, si simu.

Rangi. Rangi ya chini mara nyingi ina shaba, hiyo ndiyo sumu inayozuia viumbe kuganda. Ukikwangua kwa chuma umeitupa rangi uliyoinunua, na shaba umeimwaga kwenye matumbawe ambayo wageni wako wamelipa kuyaona. Utando unatoka kwa sponji, kwa hiyo osha ukiwa bado utando. Vigamba, kikwaruzo cha plastiki. Chuma ni cha rafadha tu. Rangi za zamani zenye madini ya bati zilikuwa balaa zaidi: kule Arcachon, Ufaransa, chaza waliacha kuzaana, serikali ikazipiga marufuku mwaka 1982 kwa vyombo vya chini ya mita 25. Mataifa yakakubaliana kuzizuia mwaka 2001, mkataba ukaanza kazi Septemba 2008. Hilo lilihitaji saa nzima, sina.

Vile vipande vya zinki vinavyofungwa chini ili viliwe na kutu badala ya rafadha, msivipake rangi. Ukikatwa na vigamba, osha kwa maji safi na sabuni. Mkono ukivimba na kuwa mwekundu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na mgeni aliyebaki ndani ya boti aambiwe asitumie choo mpaka kijana apande. Hilo sitaeleza zaidi.