Kesi Iliyoondolewa Haijafa

Asanteni. Nyinyi wasaidizi wa kisheria ndio mnaokimbiliwa na jamaa za mshtakiwa nje ya korti, na swali lao ni lile lile: "Si aliachiliwa? Mbona amekamatwa tena?"

Ibara ya 50(2)(o) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kushtakiwa kwa kitendo ambacho tayari alihukumiwa au kuondolewa hatia. Basi ulizeni kwanza: aliachiliwa vipi? Upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, anarudi nyumbani, ila hajaondolewa hatia. Anaweza kusomewa mashtaka yale yale tena. Ikiondolewa baada ya hapo, 87(b), hakimu hana budi kumwondolea hatia. Msitosheke na la kuambiwa mlangoni. Ombeni nakala ya amri.

Kinga yetu ya kutoshtakiwa mara mbili huvuja hapo kwenye 87(a), si kwenye hukumu. Mashahidi hawaji, kesi inaahirishwa na kuahirishwa, mwishowe inaondolewa, kisha inafunguliwa upya. Ibara ya 157(8) inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma apate ruhusa ya korti kabla ya kusitisha kesi. Ruhusa si muhuri tu. Mshtakiwa asimame apinge, adai sababu. Wengi hufurahia kwenda nyumbani wakanyamaza, na siwalaumu.

Kuna pia kesi kusikizwa upya baada ya rufaa. Tangu uamuzi wa rufaa ya Fatehali Manji, 1966, korti zetu hushika kwamba kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Hurudiwa ikiwa ya kwanza iliendeshwa kinyume cha sheria au kwa kasoro, na haki ikidai hivyo.

Ndiyo, mama, nimeona mkono. Mtu amefungwa kwa kumjeruhi jirani, halafu jirani akafa? Hapo anaweza kushtakiwa kwa mauaji, kifungu cha 140 cha Sheria ile ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa sababu kifo kilikuwa bado wakati wa kesi ya kwanza.