Mgeni Aliyejaza Mapengo: Msizi katika Misitu ya Amani

Ndugu zangu wa Tanga, assalamu alaikum, na wageni wetu karibuni.

Maji mliyotawadhia jioni hii yameteremka na Mto Zigi kutoka milima ya Usambara Mashariki, yakakusanywa katika bwawa la Mabayani, ndipo yakaletwa mjini kwa mabomba. Kwa hiyo ninapozungumzia miti ya Amani, iliyoko katika milima hiyohiyo, nazungumzia kisima chetu wenyewe.

Mtu anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani huona kijani pande zote, akashusha pumzi akiamini kuwa msitu u salama. Naomba tusiharakishe kukubali, kwa sababu katika maeneo mengi yaliyowahi kukatwa, kijani kile ni cha mti mmoja uitwao msizi. Mti huu ni wa Afrika hasa: kwao ni misitu ya Afrika Magharibi, Uganda na Kagera, na Waganda huuita musizi. Usambara uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wajerumani walipokuwa na taasisi yao ya utafiti pale Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902. Baadaye ukapandwa kwa wingi ili kufunika ardhi iliyoachwa wazi na uvunaji wa mbao. Siwalaumu waliouchagua, kwani mti unaokua upesi namna ile na kutoa mbao lazima ungempendeza bwana misitu yeyote mwenye ardhi tupu mbele yake.

Lakini msizi haukubaki ulipopandwa. Matunda yake hupendwa mno na hondohondo, ndege mkubwa ambaye humeza tunda zima, akaruka mbali, kisha akaidondosha mbegu popote anapotua. Mbegu ile ikiangukia penye kivuli kizito haifiki mbali. Ikikuta pengo lenye mwanga, mche huinuka haraka kuliko miche ya miti wenyeji. Na mapengo tuliyatengeneza sisi. Uvunaji wa mbao uliendelea hadi miaka ya 1980, na wakulima walifyeka miti midogo chini ya ile mikubwa wapate kupanda iliki, zao linalotaka kivuli. Shamba la iliki ukilitazama kwa mbali ni msitu kamili, hali miche ambayo ingerithi nafasi ya miti mikubwa imekwisha kung'olewa, na mti mkubwa unapoanguka hakuna mrithi isipokuwa mgeni.

Linganisheni na msambu, mti ambao mimi binafsi nauheshimu kuliko yote ya mlimani kule. Matunda yake ni makubwa na mazito, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda, ambayo wanakijiji huyakamua kwa kupikia na kwa sabuni, na ambayo yamepata soko hata nje ya nchi. Tunda huanguka chini ya mama yake, na mbegu husubiri panya buku azibebe na kuzifukia hapa na pale. Zile anazozisahau huweza kuota, nazo huchukua miezi mingi. Tena miti dume na miti jike ni mbalimbali, hivyo msambu uliobaki peke yake shambani hauwezi kuzaa. Mti wa mwendo kama huu hauwezi kushindana na msizi mahali palipo wazi. Kuna na mtambara, mti mrefu wa mbao nzuri ambao asili yake ni milima hii ya Tanzania, nao unahitaji kivuli kilekile cha msitu mzee.

Wengine wameniuliza kwa nini misizi isikatwe yote mara moja. Ikikatwa kwa mkupuo tutakuwa tumefungua pengo kubwa kuliko la awali, na mche wa kwanza kuinuka humo utakuwa wa msizi. Njia ninayoiona kuwa ya busara ni ya polepole: kupanda miche ya miti wenyeji kama msambu, mtambara na mnyasa chini ya misizi iliyopo, kuing'oa miche ya msizi ingali ya kuvutwa kwa mkono, na kuipunguza misizi mikubwa mmoja mmoja kadiri miti hiyo wenyeji inavyopata kimo. Kazi hiyo inahitaji vitalu vijijini, na mwenye kitalu alipwe kwa mche ulio hai baada ya miaka mitatu, wala si kwa mche uliotoka kitaluni.