Shika uzi kwanza, rula baadae

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Naona wengine mnatabasamu, "leo tena habari za uzi". Ndio, tena, uzi wa kupimia umbali kwenye ramani tunapomtafuta aliyepotea, na mwakani nitasema tena.

Skeli mlisoma shuleni, 1:50,000, sentimita mbili za ramani ni kilomita moja ya ardhi, sirudii. Nnachotaka mshike ni kwamba ile namba ni ya kweli kwenye karatasi iliyochapwa nayo tu. Ukishapeleka ramani steshenari wakakupunguzia kopi, namba inabaki pale pale 1:50,000 ila ishakuwa uongo.

Ile ya bibi wa ming'oko wengine mnaijua, vumilieni. Bibi katoka asubuhi kwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, kule Newala ukishateremka kuelekea Ruvuma, jioni hajarudi. Tukakusanyana, ramani nimeshika mimi, kopi ya A4 iliyopunguzwa toka A3. Nikalaza rula toka kijijini mpaka korongo alilozoea kuchimba, sentimita 8, nikawaambia kilomita 4, bebeni maji kidogo saa moja na nusu tumefika. Sasa pigeni hesabu, A3 ikiwa A4 kila urefu unabaki kama asilimia 71, kwahiyo zile 8 kwenye ramani yenyewe ni 11.3, kilomita tano na nusu na ushee, na hiyo ni ya kunguru anayeruka, mguu unafuata njia na njia kule inazunguka kila kichaka. Saa nne usiku maji yameisha, vijana wanasema korongo tumeshalipita tugeuze, nami kwa hesabu yangu nikaona kweli tumelipita, tukageuza. Bibi alikuwa mbele yetu! Kapatikana asubuhi chini ya mkorosho, mzima alhamdulillah, khanga imelowa umande, kapu la ming'oko kalikumbatia, anauliza mbona jana nilisikia sauti zenu zikaondoka.

Hilo swali ndio linanileta hapa kila mwaka.

Chini ya ramani kuna mstari wenye vigawanyo vya kilomita, huo kopi ikipungua nao unapungua, ikikuzwa unakua, haudanganyi. Chukua uzi, lowesha kidogo usiteleze, ulaze juu ya njia kona kwa kona, bana kwa kucha ulipoishia, kisha nyoosha kwenye ule mstari usome. Mwenye kopi amekata mstari? Pima kwa mraba, ile iliyochorwa juu ya ramani yote, kwenye hizi ramani zetu upande mmoja wa mraba ni kilomita moja. Na kilima ongeza, ramani inapima kama nchi yote ni sakafu.

Kuna kijana ataniambia sikuhizi kuna simu. Sawa, simu itakuonesha ulipo wewe, bibi hana simu, na kugawa watu huyu apite bonde hili yule lile, hiyo kazi ni ya ramani.

Wavuvi wa Msimbati na Mikindani nawaomba radhi muda umebana. Kwenye chati, yaani ramani ya bahari, pima kwa namba za pembeni, kulia au kushoto, usawa ule ule wa chombo, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Za juu na chini msiziguse. Na mashua ikizima mashine haikusubiri ilipozimia, habari ya mkondo tutaongea baada ya chai.

Haya, nyuzi ziko mezani, watu watatu ramani moja. Nipimieni Mikindani mpaka Mtwara mjini kwa barabara, na kopi mbili kati ya hizo nimezipunguza makusudi.