Beauvais: Kanisa Kuu Lililoanguka Mara Mbili

Waheshimiwa walimu, ndugu zangu wanafunzi wa usanifu majengo na uhandisi, asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie makanisa makuu ya mtindo wa Kigothi, yaani ujenzi wa Ulaya ya zama za kati wenye matao ya ncha na madirisha makubwa. Ningeweza kuchagua Notre-Dame ya Paris, ambayo wengi wenu mliiona ikiungua kwenye televisheni Aprili 2019. Nimechagua Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro la Beauvais, kaskazini mwa Paris. Halijakamilika hadi leo. Limeanguka mara mbili, na ndani yake kuna mbao na vyuma vya kulishikilia. Mimi naamini hakuna jengo linalofundisha Ugothi vizuri kuliko hili, kwa sababu jengo lililokamilika huficha kazi linayoifanya, lakini Beauvais kila kitu kiko wazi.

Tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe ni hodari wa kubeba mzigo unaoligandamiza, ila ukilivuta au kulipinda linapasuka. Ndiyo maana waashi wa zamani walitegemea tao. Lakini tao lina tabia yake: halisukumi chini tu, linasukuma na pembeni. Simameni wawili wawili mkitazamana, gusanisheni viganja, kisha kila mmoja arudishe miguu nyuma kidogo kidogo. Naam. Miguu inataka kuteleza, sivyo? Sasa mwenzenu mwingine akija akaweka mguu wake nyuma ya kisigino chako, unatulia. Huo mguu ndio siri ya Ugothi.

Tao lenye ncha halikuanzia Ufaransa. Msikiti wa Ibn Tulun pale Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao hayo, na ninyi mliofika kwenye magofu ya Gedi mmeyaona pwani yetu. Faida yake ni kwamba husukuma pembeni kidogo kuliko tao la nusu duara. Walichofanya Wafaransa, kuanzia abasia ya Saint-Denis chini ya Abati Suger miaka ya 1140, ni kuunganisha mambo yaliyokuwepo: tao lenye ncha, na dari ya mawe yenye mbavu zinazokusanya mzigo na kuupeleka kwenye nguzo chache. Baadaye yakaja matao ya nje, yale yanayoruka juu ya paa la pembeni na kuupokea msukumo wa dari ili kuufikisha kwenye nguzo nene zilizo nje ya jengo. Ukuta ukaachwa bila mzigo mkubwa. Ukishakuwa hivyo, unaweza kuutoboa utakavyo na kujaza vioo vya rangi.

Hapo yakaanza mashindano ya kwenda juu. Dari ya Notre-Dame iko kiasi cha mita 33 kutoka sakafuni. Makanisa makuu mengine ya Ufaransa yakafuata: Chartres ilifika kama mita 37, Reims 38, Amiens 42. Beauvais wakaenda 48. Hiyo ni ghorofa 15 hivi, na hapo nazungumzia dari ya ndani tu, paa bado.

Kazi ilianza baada ya moto wa mwaka 1225, chini ya Askofu Milon de Nanteuil. Maaskofu wa Beauvais walikuwa pia watawala wa mji, lakini fedha haikuwa ya uhakika: mwaka 1233 kulitokea ghasia mjini, Mfalme Louis wa Tisa akaingilia, askofu na mfalme wakagombana. Ujenzi ukasuasua. Sehemu ya altare ilikamilika mwaka 1272. Tarehe 29 Novemba 1284, miaka 12 tu baadaye, dari ya sehemu hiyo ikaanguka.

Kwa nini? Jibu la haraka, ambalo mtalisikia hata kwa waongoza watalii, ni kiburi: walitaka kufika mbinguni, Mungu akawaangusha. Nalikataa jibu hilo, tena kwa nguvu zote. Nusu duara ya nyuma ya altare, yenye dari ya kimo kilekile, haikuanguka. Kama kosa lingekuwa urefu, nayo ingeporomoka. Tofauti ni kwamba pale nyuma nguzo zimekaribiana, na huku mbele zilikuwa mbalimbali mno. Kuna na nguzo za kati za nje, zile zinazopokea matao yanayoruka. Hazikukaa katikati ya nguzo za chini yake. Zilitokeza pembeni kidogo. Katika miaka ya 1970 mhandisi Robert Mark wa Chuo Kikuu cha Princeton alitengeneza vielelezo vya plastiki vya jengo hili, akavibebesha mizigo na kuvipitishia mwanga maalumu unaoonyesha mkazo. Yeye na mwenzake walifikia kwamba upepo mkali ulikuwa ukizivuta nguzo hizo sehemu moja, chokaa ikipasuka kidogo kila dhoruba, mahali ambapo fundi hakuweza kupafikia kirahisi kupakagua. Wengine wana maelezo tofauti, na mjadala haujafungwa. Ila wote wanazungumzia jinsi mzigo ulivyosafiri kwenda ardhini, na huko ndiko mhandisi anapaswa kutazama.

Sasa angalieni waashi walivyolitibu. Hawakushusha dari hata mita moja. Katikati ya kila nguzo mbili wakapenyeza nguzo mpya. Tao moja pana likawa matao mawili membamba, yenye ncha kali kama mkuki, na dari iliyogawanyika vipande vinne kwa kila nafasi ikawa na vipande sita. Ukisimama pale unaisoma historia kwa macho: nyuma ya altare mpangilio wa awali, huku mbele ule msitu wa nguzo za baada ya 1284. Mimi nauona uzuri mkubwa zaidi katika marekebisho hayo kuliko katika kazi ya kwanza.

Vita vya Miaka Mia, kati ya Ufaransa na Uingereza, vikasimamisha kila kitu. Kanisa lilipangwa kwa umbo la msalaba, na mikono ya msalaba huo ilianzwa mwaka 1500 na fundi mkuu Martin Chambiges, ikamalizika 1548. Kilichobaki ni ukumbi wa waamini, upande wa magharibi. Na hapa, ndugu zangu, ndipo kosa la kweli lilipofanyika. Badala ya kujenga ukumbi, waliamua kujenga mnara, juu ya makutano ya msalaba. Ulikamilika mwaka 1569, mawe chini na mbao juu, mita 153. Ule wa kanisa kuu la Strasbourg, uliosifika Ulaya nzima, una mita 142.

Rudini kwenye viganja vyenu. Nguzo nne za makutano ziliegemewa mashariki na sehemu ya altare, kaskazini na kusini na mikono ya msalaba. Magharibi hapakuwa na kitu. Mguu wa nyuma ya kisigino haukuwepo. Mafundi waliokuja kukagua walipima kwa timazi wakakuta nguzo zimeanza kuinama, wakashauri ukumbi ujengwe. Muda haukutosha. Tarehe 30 Aprili 1573, Sikukuu ya Kupaa Bwana, waamini walikuwa wametoka tu na maandamano mnara uliposhuka. Hakufa mtu.

Waliliziba lile pengo la magharibi, na hapo ujenzi ukakoma. Mahali ulipokusudiwa ukumbi bado kuna sehemu ya kanisa dogo la karne ya 10, Basse-Œuvre, ambalo lilitakiwa kubomolewa kupisha jengo kubwa.

Mabomu ya Juni 1940 yaliunguza sehemu kubwa ya mji, kanisa likapona. Adui aliyebaki ni upepo. Katika miaka ya 1960 viliondolewa vyuma vya zamani vilivyofunga matao ya nje, kwa kuwa vilionekana vinaharibu sura. Jengo likaanza kuyumba kupita kiasi, ikabidi vyuma virudishwe. Miaka ya 1990 zikawekwa zile mbao na vyuma mtakavyoviona ndani, na mwaka 2001 timu ya Chuo Kikuu cha Columbia ilipima jengo zima kwa miale ya leza ili kujua kila nguzo imeinama kiasi gani.

Atakayejaliwa kufika Paris, apande treni kituo cha Gare du Nord. Ni safari ya saa moja na robo hivi. Kama ana siku mbili, aanze na Amiens, aone kazi ya Kigothi iliyofika mwisho wake, kisha Beauvais. Akiingia asikimbilie vioo wala ile saa maarufu ya karne ya 19. Asimame kwenye makutano, ageukie magharibi, atazame ukuta ulioziba mahali pa ukumbi, halafu azitazame zile nguzo nne na ajiulize kila moja inamsukuma nani. Karibuni maswali.