Lyon kwa Siku Moja: Panda kwa Mashine, Shuka kwa Miguu

Inarekodi? Haya. Hamjambo watazamaji wangu! Leo sishoni, cherehani imepumzika. Niko Lyon, Ufaransa, na anayenishikia simu ni mdogo wangu, kwa hiyo picha ikiyumba msinilaumu mimi.

Mtaniuliza mbona Lyon na si Paris. Jamani, mimi fundi nguo, na huu ndio mji wa hariri. Mara ya kwanza nilikuja bila kujua hata jina la mtaa mmoja, nikaiharibu siku nzima. Leo nawaonyesha nilivyopaswa kufanya.

Kwanza mjue mji ulivyokaa. Mito miwili, Saône na Rhône, na vilima viwili, Fourvière na Croix-Rousse. Kilima unapanda kwa mashine, unashuka kwa miguu. Mimi nilifanya kinyume, na magoti yangu mpaka leo hayajanisamehe.

Umeshuka kwenye treni pale Part-Dieu. Nenda kwenye mashine ya tiketi, nunua ya siku nzima, hiyo hiyo utaipandia kila kitu. Panda metro, treni ya mjini, njia B mpaka Saxe-Gambetta, badilisha ingia njia D, shuka Vieux Lyon. Ukiona metro D haina dereva usishtuke, ndivyo ilivyo.

Hapa Vieux Lyon ndani ya stesheni kuna treni ndogo mbili zinazovutwa kwa kamba kupanda mlima. Moja yaenda Saint-Just, moja Fourvière. Sisi tunataka Fourvière. Soma kibao, usifuate watu tu.

(Subiri, upepo. Mnanisikia? Geuza simu huku. Huku! Haya.)

Tumefika juu. Kanisa hili lilianza kujengwa 1872. Wenyeji wanalitania kwamba ni tembo aliyelala chali, na ile minara minne ndiyo miguu. Sisi tunaotoka kwenye tembo wa kweli tukubali tu kwamba, ukitazama kwa chini, wana haki. Mji mzima unauona kutoka hapa. Piga picha zako, usigande, siku ni fupi.

Shuka kidogo kwa miguu uone ukumbi wa maigizo wa Warumi usio na paa, ngazi za mawe tupu, kuingia bure. Warumi waliuanzisha mji huu mwaka 43 kabla ya Kristo wakauita Lugdunum. Mimi hapa huwa nakaa nakula chungwa. Endelea kuteremka mpaka mji wa kale, Rue Saint-Jean.

Sasa sikilizeni vizuri. Hapa ndipo nilipoaibika.

Lyon ina vichochoro vinavyopita ndani ya nyumba za watu, vinaitwa traboule. Unaingia mlango wa mtaa huu, unapenya nyua na korido, unatokea mtaa wa pili. Wenye hariri walivipitia na mzigo wao, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, dhidi ya Wajerumani, wapiganaji wa siri walivitumia kujipenyeza. Njoo namba 54, Rue Saint-Jean. Mlango wa kawaida kabisa, unaweza kuupita mara tatu. Mimi niliupita mara nne.

Sukuma kwanza. Haufunguki? Tazama pembeni kwenye vitufe. Vyenye majina ni kengele za watu. USIBONYEZE. Tafuta kile kilichoandikwa "service", ndicho cha kufungulia mchana. Mimi nilibonyeza jina. Akashuka bibi mmoja na gauni la kulalia, akanisema mpaka mwisho wa korido. Kifaransa sikijui, lakini kusemwa kunaeleweka kwa lugha zote. Basi narudia: chenye jina, usibonyeze. Mdogo wangu, kivute karibu kile kitufe waone. Siyo hicho! Toa kidole! Mnaona? Nimetoka kusema sasa hivi.

Ndani, sauti chini. Watu wanaishi humu, wanalaza watoto. Tazameni matao yale, na ngazi za mviringo... giza, simu haioni. Tutatokea upande wa pili. Haya, mwanga huo: Rue du Bœuf, namba 27.

Chakula cha mchana: saa sita, usivuke saa nane, maana majiko mengi yanafungwa na utabaki na mkate. Migahawa ya kienyeji inaitwa bouchon, ina nguruwe kwa wingi, kwa hiyo asiyekula aulize kabla ya kukaa. Mimi huagiza quenelle ya samaki wa mtoni, laini kama mkate wa kumimina, na mchuzi wa kamba. Halafu kitindamlo cha rangi ya waridi, tarte ya praline, yaani pai ya lozi zilizopakwa sukari. Tamu mno. Namalizia yote.

Mnaoulizia mkoba huu begani: ndio, nimeushona mwenyewe, kitenge na bitana ndani. Zipu inakaa upande wa ubavu wako, si wa nje, mwenye vidole virefu hapati kitu. Kiungo kiko chini ya video.

Tuvuke Saône, twende stesheni ya Hôtel de Ville, tupande metro C. Hii ina meno ya chuma katikati ya reli, inapanda kilima ikinguruma. Shuka Croix-Rousse.

Huku ndiko kwa mafundi wenzangu. Tazama madirisha yalivyo marefu: dari zilijengwa karibu mita 4 ili mtambo wa kufumia utoshee. Mtambo wenyewe ni wa Jacquard, mtu wa hapa hapa, 1804. Kadi zilizotobolewa ndizo zinazoamua uzi upi uinuke. Kwenye Maison des Canuts, yaani nyumba ya wafumaji hariri, wanakufumia ukiona. Nilisimama pale mpaka mdogo wangu akalala kwenye kiti.

Na mwaka 1831 wafumaji hawa waliinuka, wakaushika mji kwa siku kadhaa. Kisa? Bei ya kazi. Walitaka kiwango cha chini, matajiri wakakataa. Fundi yeyote aliyewahi kuambiwa "punguza, ni mshono tu" ameelewa.

Sasa kuteremka, kwa miguu. Place Colbert, namba 9, Cour des Voraces. Sauti chini tena! Ngazi hii ya mawe, orofa sita, nenda nyuma ipate yote. Nyuma zaidi. Angalia ngazi!

Hajaumia. Betri asilimia nne, basi haraka: unatokea Rue Imbert-Colomès 29, fuata mteremko tu mpaka Place des Terreaux, penye chemchemi ya farasi aliyoichonga Bartholdi, yule wa sanamu ya Uhuru ya New York. Metro A iko hapo karibu, na kama una swali kuhusu kitufe uliza hapo chini, nitaji