Kwa Nini Wachezaji wa Hoki wa Vyuo Vikuu vya Marekani Hufunikwa Uso Mzima

Ndugu watazamaji, nawasalimu kutoka jimbo la Minnesota, Marekani. Kila ninapoweka video ya mechi ya hoki ya barafu ya vyuo vikuu, swali linalofuata ni lile lile: mbona vijana hawa wamefungiwa wavu wa chuma usoni, ilhali wale wa NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani na Kanada, wanavaa kioo kinachoishia karibu na pua? Nikijibu, wapo watakaosema kwamba ninajigamba kwa kuishi penye viwanja vya barafu, na wapo watakaosema kwamba nimezoea kuilalamikia Marekani. Sina nia ya lolote kati ya hayo.

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kimelazimisha kinga ya uso mzima tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. NHL ilikifanya kile kioo nusu kuwa lazima mwaka 2013, tena kwa wachezaji wapya tu, ingawa tangu mwaka 2000 kila mtu alikuwa ameona Bryan Berard, mchezaji wa timu ya NHL ya Toronto, akipigwa gongo la kuchezea jichoni na kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona wa jicho la kulia. Kwa hiyo mnaponiuliza kwa nini vyuo haviigi wakubwa, mimi huona kwamba wakubwa ndio waliochelewa.

Wapo makocha wa vyuo wanaotaka kioo nusu kiruhusiwe, na hoja yao si ya kipuuzi: kijana aliyefunikwa uso hujiona hawezi kuumia, kwa hiyo huinua gongo na kumvamia mwenzake bila kujali. Hata hivyo, dawa ya gongo lililoinuliwa ni mwamuzi kutoa adhabu, na dawa ya kumgonga mtu kichwani ni kumtoa mchezoni. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofuatilia timu za vyuo vikuu vya Kanada, baadhi zikivaa kinga kamili na nyingine kioo nusu, na waliovaa kioo nusu walionekana kuwa na hatari ya kuumia meno karibu mara 10 zaidi, huku majeraha ya shingo, ambayo wengi walihofia kwamba yangeletwa na kinga kamili, yakiwa hayana tofauti ya maana.

Nazungumzia meno kwa uchungu, kwa sababu ndugu yangu ninayeishi naye hucheza ligi ya watu wazima, ambako kioo nusu kinaruhusiwa, na gongo lilipita chini ya kioo chake likamvunja meno ya mbele. Bima ya afya ilisema kwamba meno si kazi yake. Bima ya meno ikasema kwamba hiyo ni ajali, irudishwe kwa bima ya afya. Fomu nilizijaza mimi, barua za kukataliwa nikazipokea mimi, na hadi leo bili inalipwa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwetu. Msidhani kwamba mchezaji wa chuo yuko salama kwa sababu kuna NCAA: bima ya NCAA ya majeraha makubwa huanza kulipa gharama zikishavuka dola 90,000, na chini ya hapo ni bima ya chuo au ya familia, kila mahali kwa masharti yake.

Tangu Agosti 2025 vyuo vinapokea wachezaji waliotoka ligi za vijana za CHL za Kanada, waliozoea kioo nusu. Mmoja wao, Gavin McKenna, aliyehamia chuo kikuu cha Penn State, alilazimika kuvaa kinga kamili kama wenzake wote, na sioni sababu ya kumlegezea yeyote.

Nanyi mnaocheza Nairobi, mnaoniuliza mnunue kinga gani, haya ni maoni yangu binafsi na hali ya kila mtu ni tofauti: kama fedha zenu zinatosha kitu kimoja tu baada ya kofia, ningenunua wavu kamili kabla ya gongo la bei kubwa.